Upanga wa Askari wa Farasi

Talal alikishika kwa vidole viwili kile kisanamu cha askari wa farasi, na wivu ukampanda kooni kama kiungulia.

Kiwanda kilitoa visanamu mia tu, kisha kikavunja kalibu iliyovitoa. Wakati ule Talal alisema ni ghali, atangoja bei ishuke. Shemeji yake, mume wa dada yake, akanunua kimoja. Sasa wakusanyaji waliuziana kwa mara ishirini ya bei ile, na kila mgeni aliyefika kwa shemeji, pale Kibenga, alisimuliwa habari hiyo.

"Shika tu, apana ogopa," shemeji alisema, akaenda jikoni kuleta chai.

Upanga wa askari ulikuwa mwembamba kama mwiba wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, umepakwa rangi ya fedha hadi nchani. Talal aliuwekea kidole gumba. Alijua anachofanya. Akabonyeza.

Ukakatika bila kelele.

Shemeji akarudi na vikombe, uso umemchangamka. "Shemeji, usimurudishe mu kabati. Dada yako amenisema sana juu ya kukuringia. Mi nakuachia kwa bei ileile nilinunua. We ndiye unamupenda kweli."

Talal akafumba kiganja.

"Fungua mukono basi," shemeji alisema, akivuta kiti karibu, "nimuangalie mara ya mwisho."