Alama ya Pini

"Chukua hii, dada Tunu. Imeingia juzi kutoka Dar," fundi alisema dukani kwake Gongoni, akiipapasa mashine ya bluu ya kukatia kadi na kutunisha maua.

Yangu nyeupe, ya kadi za harusi, alishaniambia imekufa kabisa. Nikamwachia kama chuma chakavu.

"Ngoja niijaribu."

Nikaingiza karatasi, nikazungusha mpini. Waridi likatoka limetuna vizuri, ila limekatizwa na mstari mwembamba wenye kichwa cha mviringo.

Mwaka jana pini yangu ya ushungi ilidondokea ndani ya ile mashine yangu nyeupe, ikaacha alama kwenye bamba la kutunishia maua.

Nikaichomoa pini hiyo kichwani, nikailaza juu ya mstari. Ikalingana sawasawa.

"Rangi umepaka vizuri," nikamwambia, nikiibeba mashine. "Sasa nifungulie mlango."