Sinia la Shaba

Siku mbili kabla ya Idi, Bi Mwatumu alikamulia ndimu tatu kwenye majivu, akatia chumvi, akavuruga mpaka yakashikana. Kisha akachukua kumbi la nazi, akaanza kusugua sinia la shaba lililokaa juu ya kabati miaka sita, jeusi tititi.

"Si ndilo Bi Nasra alilokubadilishia?" binti yake Raya akauliza.

"Ndilo. Litafaa kufunikia mtungi."

Jirani yao Bi Nasra aliazima sinia la Bi Mwatumu wakati wa arusi ya mwanawe, akalifunikia pilau na kupalia makaa juu yake, likarudi limeungua. Bi Mwatumu alilikataa mbele ya wageni. Lake, alisema, lilichongwa jina la marehemu mama yake.

"Lisugue, mwenzangu, jina utaliona," Bi Nasra alimwambia.

Bi Mwatumu hakulisugua. Alimwita mwizi, na tangu siku ile hawakusalimiana.

Sasa weusi ulikuwa ukitoka. Ilianza herufi moja, zikafuata nyingine.

"Mama," Raya alisema taratibu, "hilo si jina la bibi?"

Bi Mwatumu aliendelea kusugua herufi zilizokwisha kutakata, mpaka ndimu ikamwasha vidoleni. Kisha akainuka, akatoka na sinia bila hata kulisuuza.

"Hodi," alisema mlangoni kwa Bi Nasra, kwa sauti ndogo.

"Nani mwenzangu?"

Badala ya kutaja jina lake, Bi Mwatumu akaligeuza sinia, jina la mama yake likaelekea mlangoni, na maji ya majivu yakamchuruzika hadi viwikoni, huku komeo likianza kusogea.