Kioo Kwenye Nguzo

Kioo kilikuwa bado kizima.

Injinia alikibandika kwa plasta mara tu baada ya tetemeko, kikiukatiza ufa wa nguzo ya kati, chini kabisa ya daraja. Ufa ukitanuka hata kidogo, kioo hupasuka.

Juu, barabarani kabla ya daraja, shemeji yake alikuwa kwenye usukani wa ambulensi, na nyuma yake mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja.

“Shemeji, gari lenyewe jepesi hili,” alikuwa amemsihi.

“Kioo kikiwa kizima nitainua mkono. Usipouona, huvuki, hata unitukane.”

“Nikutukane, halafu dada yako anilaze nje?”

Sasa injinia alipitisha ukucha juu ya kioo, polepole, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Uliteleza vizuri. Akainua mkono wa kushoto, akautoa nje ya kivuli cha daraja ili shemeji auone.

Ukucha wa kulia, ukirudi ulikotoka, ukakwama.

Hakusikia mlio wowote. Palikuwa tu na mstari kwenye kioo ambao hapo kwanza haukuwepo, na juu ya daraja hapakuwa bado na gari hata moja.

Kisha injini ikanguruma, na shemeji akapiga honi fupi ya kushukuru.