Shingo ya Kobe

Hekaya hii aliitoa kwanza bibi yetu, Nasemba Shekiondo, mwaka 1974, siku dada yetu alipoinunia pua yake mbele ya kioo.

Kobe alimwendea Nungunungu, daktari wa kurembesha, ambaye hakukosa sindano. "Nikaze shingo, mwanangu. Makunyanzi yamezidi."

"Kuikaza naweza, bibi. Ujana siwezi kuurudisha."

"Nani kauomba?"

Nungunungu akaikunja ngozi iliyolegea, akaishona. Shingo ikawa laini kama ya bata. Kobe alikuwa bado akijitazama kwenye beseni la maji Nguchiro alipoingia na njaa yake. Kobe akavuta kichwa kiingie gambani, kikagoma. Ngozi ilikuwa imekazwa mno, haikunjiki.

"Fumua, mwanangu."

Nungunungu akamgeuzia Nguchiro miiba, huku akikata nyuzi kwa meno. Kichwa kikaingia. Nguchiro akaambulia gamba, akaondoka.

"Ngozi yangu uliitupa?" Kobe akauliza kutoka ndani.

"Sikuikata, bibi. Niliikunja tu. Nilijua utaitaka."

Nguchiro alikwisha kufa, na Nungunungu pia. Kobe yu hai, na shingo yake inaning'inia vizuri.