Mulio katika Sikio ya Hénoc

Niambie weye unayenisikiliza: nani anaimba ndani ya nyumba muchana kutwa, jirani hamusikii, na mwenye nyumba hawezi kumufukuza? Usijisumbue. Ni mulio wa sikio, na siku ile, katika hospitali ya Nchelenge, Zambia, mwenye nyumba alikuwa Hénoc.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kofia ya nyuzi za mashini kichwani, kama kambale aliyenaswa wavuni. Pembeni yake alisimama Cadette, mama wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, ambaye kazi yake ni kugeuza maneno ya waganga wa hospitali kwa Kiswahili.

Cadette alikuwa amemutambua Hénoc mulangoni. Hénoc hakumutambua yeye; kwa boti yake alivusha wakimbizi wengi mno kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Lakini siku boti ilizama, Cadette alikuwa ndani, amekaa upande wa mbele, mutoto mugongoni. Maji yakiingia, aligeuka na kuona mikono ya huyu mwanaume imekamata shati ya bwana yake, Mulumba. Kisha mawimbi tu. Kwake yeye, ile mikono ndiyo ilimutupa majini. Tangu hapo aliomba Mungu kitu kimoja: amulete huyu mutu mbele yake.

"Muulize mulio ulianza lini," munganga Davies alisema kwa Kingereza.

Cadette aliuliza. Hénoc alitazama miguu yake.

"Zamani, mama. Sema tu zamani."

Mashini ilipomaliza kusoma kichwa, munganga alieleza pole pole. Sikio ni nzima. Mambo iko katika bongo: sehemu ya kusikia imeshikana mikono na sehemu ya woga, zinaongea zenyewe bila mutu kuzituma. Mulio wenyewe ni mudogo. Akiacha kuuogopa, zitaachana, naye atalala vizuri.

"Anasema nini?" Hénoc aliuliza.

Ee, utamu wa ile saa. Usingizi wote wa Hénoc ulikuwa katika kinywa cha Cadette, na hakuwa na haraka ya kuutema.

"Anasema sikio yako ni nzima, papa."

"Aksanti Mungu."

"Ngoja kwanza. Anasema kuna mutu anakuita. Mutu uliyemuachilia majini. Jina yake Mulumba, na hatanyamaza mpaka siku utazikwa."

Uso wa Hénoc ulinyauka. "Mashini imeona ile?"

"Imeona yote. Sasa jibu munganga: ulianza lini?"

Hénoc alivua kofia mwenyewe, nyuzi zikaning'inia.

"Siku boti ilianza kuzama," alisema. "Jina yake sikujua, mama. Aliniambia, 'Muke yangu iko pale mbele na mutoto, acha niruke, nikupunguzie boti muzigo.' Nilimukamata shati, nilimukamata kwa nguvu yangu yote. Ndipo alinipiga kofi hapa, kwa sikio, ili nimuachilie."