Kipimo cha Tatu

"Vimeng'enya vya ini vimepanda tena," daktari alisema, macho kwenye karatasi ya majibu. "Kipimo cha tatu hiki."

Mama alimgeukia mwanawe kinyozi, jitu zima lenye macho ya manjano. "Miezi minne unaniapia hujagusa pombe. Huna hata haya!"

"Sijagusa, mama. Haki ya Mungu."

"Nyimbo hizo nimezichoka."

"Mama, ngoja kwanza," daktari alisema. "Ini likiumia, vimeng'enya vyake huvujia kwenye damu. Kwa hiyo najua linaumia, lakini karatasi hii hainiambii linaumizwa na nini. Pombe tumeitafuta kwenye damu yake, hatukuiona." Akamtazama kinyozi. "Kuna kitu kingine unachotumia? Dawa yoyote? Mitishamba?"

"Hakuna, daktari. Ni chai ya mama tu, kila asubuhi. Siku hizi chungu kama shubiri, ila namalizia kikombe asije akasema namdharau."

Mama aliukumbatia mkoba wake. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, bado ya moto. Muuza mizizi alimwambia atie kijiko kimoja cha unga kwa siri, mwanawe ataichukia pombe. Majibu ya kwanza yalipotoka, alitia viwili. Ya pili yalipotoka, vitatu.

Daktari aliinama kuandika.

"Mama, koo limenikauka," kinyozi alisema. "Hebu nimiminie kidogo."

Akamnyooshea mkono, pamba ya sindano ingali imebandikwa.