Raba Nyeupe Mlangoni

Meli ingekaa bandarini mpaka alasiri, kwa hiyo Nyamizi alishuka peke yake kuuzunguka mji kwa miguu. Kwenye kichochoro kimoja alisimama kutazama mlango wa nakshi uliokuwa wazi, kandambili za wanawake zimejaa kizingitini. Mwanamke mmoja akachungulia.

"Pole, mama. Vua viatu upite ndani."

Nyamizi aliona haya kusema kwamba alikuwa anatembea tu. Akavua raba zake, akapita. Ndani wanawake walikuwa wamekaa mkekani kimya, wamejitanda kanga. Wakamsogezea nafasi ubavuni mwa mfiwa, Bi Raya, na hapo yakamtoka machozi aliyoyazuia mwaka mzima.

"Ulimjua mume wangu?" Bi Raya alinong'ona.

"Hapana, dada. Namlilia wangu. Tiketi ya meli alikata ya watu wawili."

Wanawake wakatazamana. Bi Raya akampa ncha ya kanga yake.

"Mlilie. Tutakusaidia."

Kule bandarini meli ikapiga honi. Zile raba nyeupe zilikuwa bado mlangoni. Mtu alikuwa amezisogeza kivulini, pamoja na kandambili za wenyeji.